Majaribio ya nyuklia: mitambo ipo, shahidi ni nani?

Mwishoni mwa Oktoba 2025 habari tatu zilifuatana kwa kasi. Urusi ilitangaza kwamba imejaribu Burevestnik, kombora linalosukumwa na injini ya nyuklia, kisha Poseidon, chombo kinachokwenda chini ya bahari kwa nguvu hiyohiyo. Tarehe 30 Rais Donald Trump wa Marekani akasema ameagiza majaribio ya silaha za nyuklia yaanze, kwa kuwa nchi nyingine zinajaribu. Siku tatu baadaye Waziri wake wa Nishati, Chris Wright, akaeleza kwamba kinachokusudiwa si milipuko ya nyuklia, bali upimaji wa sehemu nyingine za silaha. Msikilizaji wa redio aliyeko Manyamanyama, katika mji wa Bunda, aliyesikia yote hayo ndani ya siku chache ana haki ya kuchanganyikiwa. Bomu limelipuliwa au halijalipuliwa? Na likilipuliwa kwa siri, chini ya mlima wa nchi ya mbali, nani atajua, na nani atamwambia yeye?

Jambo la kwanza ni rahisi kulitatua. Kurusha kombora linaloweza kubeba bomu si kulipua bomu. Kombora linaweza kurushwa mara mia bila atomu hata moja kupasuliwa. Mlipuko wa nyuklia wa mwisho uliothibitishwa duniani ni wa Korea Kaskazini, tarehe 3 Septemba 2017. Marekani ililipua mara ya mwisho Septemba 1992, Urusi, ikiwa bado Umoja wa Kisovieti, Oktoba 1990, na China Julai 1996.

Jambo la pili, la nani atajua, ndilo zito. Watu wa mkoa wa Mara wana sababu ya pekee ya kulifuatilia, kwa kuwa mmoja wa viongozi waliolishughulikia kwa dhati kabla halijawa na majibu alitoka Butiama, safari fupi kwa gari kutoka Manyamanyama.

Ubishi ulipoanzia

Tangu jaribio la kwanza la Julai 1945 katika jangwa la New Mexico, mabomu zaidi ya 2,000 yamelipuliwa kwa majaribio. Yale ya mwanzo yalilipuliwa hewani, na vumbi lake lilisambaa duniani kote hadi likaingia kwenye maziwa ya watoto. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kuacha kulipua hewani, kwenye anga za juu na majini. Kulipua chini ya ardhi hakukukatazwa.

Chanzo cha kutokatazwa huko ni ubishi wa uhakiki. Mtetemo wa bomu chini ya ardhi unafanana na wa tetemeko dogo, na vyombo vya wakati ule havikuweza kutofautisha kwa uhakika. Marekani ilitaka haki ya kupeleka wakaguzi mara saba kwa mwaka, Moscow ikakubali mara tatu. Hawakuafikiana. Tofauti ya ziara nne za ukaguzi ilisaidia kuuahirisha mkataba kamili kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huo majaribio mengi sana yalifanyika mashimoni. Anayedhani uhakiki ni suala la mafundi peke yao aikumbuke hesabu hiyo.

Afrika haikuwa mtazamaji. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji wa Kikongo ambao hawakuambiwa inakwenda kufanya nini. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika Sahara ya Algeria, na hadi 1966 ilikuwa imelipua 17 katika nchi hiyo, manne hewani na 13 chini ya ardhi. Ghana ilizuia mali za Wafaransa, Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi na Paris. Miongoni mwa waliojaribu kuingia Reggane kwa miguu na magari ili kuzuia mlipuko ule alikuwamo Mmarekani Bill Sutherland, ambaye baadaye aliishi Dar es Salaam kwa miaka mingi.

Kutoka Butiama hadi Ixtapa

Mei 1984, uhusiano wa Washington na Moscow ukiwa umechacha, viongozi sita wa mabara matano walitoa tamko la pamoja: Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Miguel de la Madrid wa Mexico, Raúl Alfonsín wa Argentina, Andreas Papandreou wa Ugiriki na Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania, yule wa Butiama. Waliyataka mataifa yenye silaha yasimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha za nyuklia. Januari 1985 wakakutana Delhi, ambako Rajiv Gandhi alikuwa ameshika nafasi ya mama yake aliyeuawa.

Matamko ya namna hiyo yalikuwa mengi zama zile. La hawa sita lilitofautiana na mengine kwa hatua iliyofuata. Agosti 1986 walikutana Ixtapa, Mexico. Palme naye alikuwa ameuawa na nafasi yake kushikwa na Ingvar Carlsson, na Mwalimu alikuwa ameng'atuka urais lakini aliendelea na kazi hii. Kikwazo kilichokuwa kikitajwa siku zote ni kwamba usitishaji hauwezi kuhakikiwa, nao wakakijibu kwa waraka wa kiufundi. Nchi sita zilijitolea kushirikiana na wakubwa wawili kuweka vituo vya kupima mitetemo kwenye maeneo yao ya majaribio, wataalamu wao wawepo, na data ziwafikie wote.

Umoja wa Kisovieti, ambao wakati huo ulikuwa umesitisha majaribio kwa hiari tangu Agosti 1985, ulionyesha utayari. Marekani ilikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba maadamu inategemea silaha za nyuklia kujilinda, itahitaji kuzijaribu. Jibu hilo lilikuwa na faida moja. Lilionyesha kuwa udhaifu wa vyombo ulikuwa sehemu tu ya sababu, na nyuma yake kulikuwa na nia ya kuendelea kulipua.

Mwaka huohuo wanasayansi wa Marekani, chini ya makubaliano kati ya shirika lao la kiraia la NRDC na Akademia ya Sayansi ya Kisovieti, waliweka seismomita Karkaralinsk, karibu na uwanja wa majaribio wa Semipalatinsk. Kilichodaiwa hakiwezekani kisiasa kilifanywa na watu wachache wenye masanduku ya vyombo. Geneva nako, kundi la wataalamu lililoundwa 1976 kwa msukumo wa Sweden lilikuwa likijaribisha namna ya kukusanya data za mitetemo kutoka nchi nyingi kwa pamoja. Kazi hizo zilipoungana, Mkataba wa Kupiga Marufuku Kabisa Majaribio ya Nyuklia, CTBT, ulifunguliwa kutiwa saini New York tarehe 24 Septemba 1996. Tanzania ilitia saini na kuridhia mwaka 2004.

Mitambo inavyosikiliza

Mkataba ulipanga mtandao wa vituo 321 na maabara 16 duniani kote, na karibu asilimia 90 vimeshakamilika. Data zinakwenda Vienna, kwenye taasisi inayousimamia mtandao huo. Afrika Mashariki imo: kituo kikuu cha mitetemo Kilimambogo, Kenya, kituo saidizi Mbarara, Uganda, kituo cha sauti nzito Nairobi, na Dar es Salaam, kituo cha kunasa chembe za mionzi hewani, RN64.

Namna mtetemo unavyosomwa inaeleweka vizuri kwa siku mbili za Septemba 2016. Tarehe 9, saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, Korea Kaskazini ililipua bomu lake la tano chini ya mlima huko Punggye-ri. Wimbi la kwanza la mlipuko wa pale hukata kilomita zaidi ya 10,000 kupitia tumbo la dunia na kufika Kenya baada ya dakika kama 13. Kesho yake, tarehe 10, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika Kagera. Tetemeko lile la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba Bukoba na jirani zake. Mitikisiko miwili mikubwa ndani ya saa 36. Mtaalamu anajuaje kwamba mmoja ni bomu na mwingine ni tetemeko?

Kwanza, kina. Lile la Bukoba lilikadiriwa kuanzia kilomita 40 chini. Shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa na binadamu, lile la Kola nchini Urusi, liliishia kilomita 12 na kitu. Hakuna anayeweza kuweka bomu kilomita 40 ardhini, na kwa hilo peke yake kesi ya Bukoba imekwisha. Pili, jinsi ardhi ilivyosogea. Bomu huisukuma ardhi nje kila upande, hivyo wimbi la kwanza hufika vituo vyote likiinua juu. Katika tetemeko miamba huteleza ubavu kwa ubavu, hivyo vituo vya upande mmoja huona ardhi ikipanda na vya upande mwingine huiona ikishuka. Tatu, uwiano wa mawimbi. Tetemeko hutoa mawimbi mengi ya mkato na yale yanayotambaa juu ya ardhi. Bomu huwa na mapigo makali ya mwanzo, kisha mawimbi ya juu dhaifu.

Milipuko ya migodini ni kesi nyingine. Baruti inayopasua miamba Nyamongo au Geita huwashwa kwa mistari, tundu moja baada ya jingine kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mchoro wake huonyesha mfuatano huo. Ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria unatikiswa kwa baruti mara kwa mara, kwa hiyo msomaji wa data anayeijua kanda hii ana kazi ambayo aliyeko mbali hawezi kuifanya kwa wepesi huohuo.

Mtetemo hauwezi kuthibitisha kuwa mlipuko ulikuwa wa nyuklia. Tani nyingi za baruti ya kawaida zingeweza kutikisa vilevile. Uthibitisho unatoka kwenye hewa, na hapo ndipo kituo cha aina ya kile cha Dar es Salaam kinapoingia. Feni kubwa huvuta hewa ya angalau mita za ujazo 500 kwa saa na kuipitisha kwenye karatasi ya chujio kwa saa 24, yaani mita za ujazo zisizopungua 12,000 kwa siku. Chujio hutolewa, hubanwa kuwa kisahani kidogo, kisha huachwa saa 24 nyingine. Kusubiri huko kuna maana. Udongo wetu hutoa gesi ya radoni siku zote, na mionzi ya mazao yake ingefunika kila kitu, lakini hufifia haraka. Baada ya hapo kisahani huwekwa mbele ya kigunduzi cha germani kilichopozwa sana na kufunikwa kwa risasi, nacho huhesabu mionzi kwa saa 24. Kila elementi ya mionzi ina nguvu zake maalumu, hivyo sizi na iodini za mlipuko hujitenga na vitu vya asili. Kazi ya siku tatu kwa chujio moja, na kila siku linaanza jingine.

Mahali pa kituo napo pana hesabu. Wakati wa kaskazi, hewa ya pwani yetu hutoka upande wa Arabia na India, na wakati wa kusi hutoka bahari ya kusini. Kituo kimoja husikiliza pande mbili za dunia kwa zamu.

Kama bomu limelipuliwa chini sana, chembe hazitoki. Zinazoweza kupenya nyufa ni gesi, hasa zenoni, ambayo haishikamani kirahisi na vitu vingine. Zenoni-133 hupungua nusu kila baada ya siku tano hivi, kwa hiyo vituo vinavyonasa gesi vina wiki chache tu za kuikamata.

Vituo vya sauti nzito na vya majini nitavipitia haraka. Kile cha Nairobi hunasa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, na kimekuwa kikisikia volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, kutoka mamia ya kilomita. Vya majini, kikiwamo cha Diego Garcia katika Bahari ya Hindi, husikia mlipuko baharini kutoka maelfu ya kilomita kwa sababu maji hubeba sauti mbali.

Wanaosema mitambo inatosha

Watetezi wa mkataba wana ushahidi wa vitendo. Tarehe 9 Oktoba 2006 Korea Kaskazini ililipua bomu la kwanza, dogo, chini ya kilotoni moja. Mtandao ulikuwa haujakamilika, lakini vituo 22 viliusikia mtetemo, na wiki mbili baadaye zenoni ikanaswa Yellowknife, Canada. Mwaka 2013 zenoni ya jaribio la Februari ilinaswa Takasaki, Japani, baada ya siku 55. Kila jaribio la nchi ile limegunduliwa ndani ya dakika, kabla Pyongyang haijatangaza.

Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilichambua suala hili mwaka 2002 na tena 2012, na mara zote mbili iliona kwamba uwezo wa kugundua ni mkubwa na unazidi kukua. Watetezi wanaongeza hoja ya kijeshi: mlipuko mdogo mno usioweza kusikika haumsaidii sana mtu anayetaka silaha mpya kubwa. Anayehitaji kujifunza jambo la maana lazima alipue kitu kinachosikika.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba imejaribiwa mara sita mbele ya macho ya dunia. Udhaifu wake ni kwamba Korea Kaskazini haikuwa ikijificha. Ilitaka tujue. Mfano wa nchi inayotangaza haujibu moja kwa moja swali la nchi inayoficha.

Wanaosema haitoshi

Tarehe 13 Oktoba 1999 Seneti ya Marekani iliukataa mkataba kwa kura 51 dhidi ya 48, na uhakiki ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Wenye shaka hutaja mbinu ya pango. Ukilipua bomu dogo katikati ya pango kubwa chini ya ardhi, mtetemo hufifia kama ngumi iliyopigwa kwenye godoro. Mbinu hii si ya kufikirika. Desemba 1966 Marekani yenyewe ililipua bomu lenye nguvu ya tani 380 za baruti ndani ya pango lililoachwa na mlipuko mkubwa zaidi katika chumvi ya Mississippi, na mtetemo ukapungua takriban mara 70.

Wanataja pia milipuko midogo kabisa, ya kiasi cha kilo kadhaa za baruti. Mei 2019 mkuu wa ujasusi wa jeshi la Marekani, Luteni Jenerali Robert Ashley, alisema Urusi huenda haizingatii usitishaji kwa kiwango cha sifuri. Taasisi ya Vienna ilijibu kuwa mtandao wake unafanya kazi kama kawaida na haukuona kitu. Majibu hayo mawili yanaweza kuwa ya kweli kwa pamoja, na ndiyo maana shaka haiondoki.

Kuna tatizo la zenoni vilevile. Viwanda vinavyotengeneza molibdeni-99, malighafi ya vipimo vya hospitali kama Ocean Road, hutoa gesi hiyohiyo. Kimoja cha vikubwa duniani kiko Pelindaba, Afrika Kusini. Kadiri tiba inavyosambaa, na ni heri isambae, ndivyo hewa inavyojaa alama zinazofanana na za bomu. Kupunguza moshi wa viwanda hivyo kuna gharama, na gharama hiyo hatimaye huongezwa kwenye bei ya kipimo cha mgonjwa. Hapa kuna kupata na kupoteza kwa kweli, na sioni haki mgonjwa wa saratani wa Mwanza abebe mzigo wa ulinzi ambao wenye mabomu ndio wangepaswa kuulipia.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba unapima kila kitu kwa ukamilifu. Pango la kufaa linahitaji mwamba maalumu, uchimbaji mkubwa unaoonekana kwa satelaiti, kifusi cha kuficha, na gesi isivuje. Kila hatua inaongeza uwezekano wa kukamatwa. Anayetaka kudanganya hajui kwa hakika vituo vitasikia nini, na kutojua huko kunamzuia.

Wanaouliza data ni za nani

Kundi la tatu halisikiki sana katika magazeti ya Ulaya, lakini kwetu ndilo lenye uzito. Linauliza swali la Ixtapa: nani anasoma, na nani anaaminika?

Historia ina kesi mbili za kufundisha. Agosti 1977 satelaiti ya Kisovieti iligundua uwanja wa majaribio wa makaburu wa Afrika Kusini katika jangwa la Kalahari, na Moscow ikaiambia Washington. Tarehe 22 Septemba 1979 satelaiti ya Marekani ya Vela iliona mmweko wa mara mbili, alama ya kawaida ya bomu, juu ya bahari kusini mwa Afrika. Jopo la Ikulu ya Marekani lililoongozwa na Jack Ruina lilisema huenda haukuwa mlipuko wa nyuklia, wataalamu wengine wakapinga, na ubishi haujaisha hadi leo. Wakati huo Mwalimu Nyerere alikuwa mwenyekiti wa Nchi za Mstari wa Mbele. Nchi zilizokuwa shabaha ya kwanza ya bomu la makaburu zilitegemea hisani ya wakubwa kupata habari za ardhi na bahari ya jirani yao. Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alikiri kwamba Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita na kuyavunja. Hakuna jirani aliyekuwa na ushahidi wake mwenyewe.

Kesi ya kinyume ni ya 16 Agosti 1997. Mtikisiko ulitokea kaskazini mwa Urusi na maofisa wa Washington wakaishuku Moscow kuwa imelipua bomu Novaya Zemlya. Data za wazi za vituo vya nchi mbalimbali zilionyesha kwamba chanzo kilikuwa chini ya Bahari ya Kara, mbali na uwanja wa majaribio, na wanasayansi huru wakaonyesha kuwa ni tetemeko. Tuhuma iliporomoka kwa sababu watu wengine nao walikuwa na mchoro mkononi.

Lipo jambo ambalo habari nyingi hulipita. Vienna haitangazi kwamba nchi fulani imelipua bomu. Inakusanya, inachambua, inatoa orodha ya matukio, na kuzipelekea nchi wanachama. Kusema "hili ni bomu" ni hukumu ya kila nchi. Nchi yenye wachambuzi itatoa hukumu yake. Isiyo nao itasubiri simu kutoka ubalozi wa rafiki.

Hoja hii nayo ina udhaifu. Tanzania ina mahitaji mengi, na mwananchi wa Manyamanyama anaweza kuuliza kwa nini fedha ziende kwenye seismomita kabla ya dawa na madarasa. Swali hilo ni la haki. Majibu yake yamo katika matumizi mengine ya data hizohizo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 iliyofika hadi pwani yetu, data za mtandao huu zilianza kupelekwa kwenye vituo vya tahadhari. Kituo cha Mbarara ni jirani wa Kagera. Chujio linalongoja vumbi la bomu ndilo lingetuonyesha moshi wa ajali ya kinu cha nyuklia, kama vituo vya dunia vilivyofuatilia Fukushima mwaka 2011. Vifaa vikubwa hulipiwa na bajeti ya pamoja ya zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka, ambayo mchango wa nchi maskini ndani yake ni mdogo sana. Gharama yetu kubwa ni watu: kuwasomesha, na kuwabakiza.

Mizani

Nikizipima hoja hizi tatu, naona ya kwanza na ya pili zinajadili swali ambalo kwa sehemu kubwa limeshajibiwa. Kwa milipuko yenye maana ya kijeshi, dunia inasikia. Kwa ile midogo kabisa, hakuna mtambo wa mbali utakaosikia yote, na wanaoahidi vinginevyo wanazidisha. Dawa ya pengo hilo ni wakaguzi wa ardhini, na mkataba umewapanga: eneo lisilozidi kilomita za mraba 1,000, vyombo vya kupima mitetemo midogo inayofuata mlipuko, na vya kunusa gesi ya agoni-37 inayotokana na udongo uliopigwa na mionzi. Zoezi kubwa la namna hiyo lilifanyika Jordan mwaka 2014.

Wakaguzi hao hawawezi kutumwa leo. Mkataba hautaanza kutumika mpaka nchi 44 zilizotajwa zote ziridhie. Kongo, iliyomo kwenye orodha kwa ajili ya kinu chake cha utafiti cha Kinshasa, iliridhia 2004. Marekani, China, Misri, Israeli na Iran zimesaini bila kuridhia. India, Pakistan na Korea Kaskazini hazijasaini. Urusi iliondoa uridhiaji wake Novemba 2023. Hapa kuna mzunguko wa ajabu: Marekani inalalamika kwamba milipuko midogo haionekani, na wakati huohuo kutoridhia kwake ni moja ya vitu vinavyowazuia wakaguzi ambao wangeiona. Hali ni ileile ya 1986. Hoja ya kiufundi inatangulizwa, na nia iko nyuma yake.

Kwa hiyo nafasi ya nchi kama Tanzania haiko kwenye kubuni kigunduzi kipya, japo vijana wetu wakikibuni ni heri. Iko kwenye kuwa shahidi asiye na upande na mwenye uwezo wa kusoma. Msingi upo: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kwa upande wa mionzi, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kwa upande wa mitetemo, na vyuo vikuu. Kinachotakiwa ni wachache hao wakae meza moja, wasome kila siku data zinazotufikia kwa haki ya uanachama, na wawaeleze wananchi kwa Kiswahili ndani ya saa chache ardhi inapotikisika au mkubwa anapotoa tuhuma.

Hesabu ya mwisho imo ndani ya mkataba wenyewe. Siku utakapoanza kutumika, uamuzi wa kutuma wakaguzi utakuwa mikononi mwa Baraza Tendaji la nchi 51, na utahitaji kura 30. Afrika ina viti 10. Tanzania inaweza kukalia kimoja wakati nchi moja kubwa inaishtaki nyingine kwa mlipuko ambao vituo vichache tu vimeusikia, na mjumbe wetu atatakiwa kuinua mkono au kuuacha chini. Mchambuzi atakayemwambia mchoro ule una maana gani anachukua miaka mingi kuandaliwa, na maandalizi yake yanaweza kuanza sasa, katika darasa la fizikia la sekondari yoyote ya Bunda au Butiama.